Mizani Imetimia, Maana Je?

Aliyelelewa na ushairi wa pwani anajua kwamba mshororo wa shairi hupimwa kwa mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, na kwamba utungo uliovunja kanuni hiyo huitwa guni. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizikusanya kanuni hizo katika kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi. Lakini hata mwanafunzi mchanga hutambua mapema kwamba yapo mashairi yaliyotimiza mizani na vina, nayo hayana neno.

Kompyuta ni mkaguzi wa mizani asiye na huruma. Katika lugha ya C, ikikosekana nuktamkato moja tu, programu nzima hukataliwa. Kwa hiyo mwanafunzi wa fani hii hushangilia pindi inapokubali, na mwalimu wake, aghalabu, hukomea hapo pamoja naye. Je, aliyemfundisha mtu kutunga kinachokubalika, bila ya kumfundisha kukisoma na kukieleza, ametimiza amana ya ualimu?

Swali hili huonekana jepesi mpaka lipelekwe mahali penye watu. Suma, katika wilaya ya Rungwe, iko mbali na bahari, katika nchi ya migomba na chai. Wakulima wadogo wa wilaya hiyo huchuma majani mabichi, yakapimwa, wakalipwa kwa uzani. Chukulia kijana wa Suma aliyejifunza kuandika programu, akataka kuwatungia wazee wake hesabu. Mzani unasema gramu 12,900. Naye anaigawa kwa 1,000 ili apate kilo. Katika C, namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima, salio hutupwa. Jibu ni 12. Kompyuta haikulalamika, programu imekubali, na mkulima amepotelewa na gramu 900 bila ya mwizi. (Shairi bovu, angalau, halimpunguzii mtu ujira.)

Kosa hili halishikwi kwa kuhesabu mizani. Hushikwa na msomaji anayeuliza, mshororo kwa mshororo, kama aulizavyo mhakiki: hapa pamesemwa nini, na palikusudiwa nini? Wapo waliolijua hilo zamani. Mwaka 1977 John Lions, mwalimu wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, aliwawekea wanafunzi wake matini ya Unix, mistari ipatayo 9,000, pamoja na sharhi yake. Hakuanza na "andikeni". Alianza na "someni". Vyuo vya pwani, ambavyo tangu kale husomesha matini na sharhi pamoja, vingemwelewa mara moja. Leseni za wenye mali zikakizuia kitabu hicho kisienezwe, nacho kikaishi kwa nakala za mkono kwa mkono hadi kilipochapishwa hadharani mwaka 1996. Naye Donald Knuth wa Marekani alipendekeza mwaka 1984 kwamba programu itungwe kama maandishi ya fasihi, mlengwa wake wa kwanza akiwa binadamu, na miaka miwili baadaye akaichapa programu yake ya TeX kuwa kitabu.

Hata hivyo, ulinganisho huu una mpaka, na si haki kuuficha. Tangu makala ya Wimsatt na Beardsley ya mwaka 1946, wahakiki wengi wamekubali kuiweka kando nia ya mshairi: shairi likishatoka, husema lenyewe. Kwa programu ya chai neno hilo ni hatari. Kijana alikusudia haki, matini ikatenda dhuluma, na pengo baina ya viwili hivyo ndilo kosa lenyewe. Hapa mwalimu anahitaji kuirudisha dhamira ambayo mhakiki ameifukuza. Haja hiyo imezidi tangu mwaka 2022, mashine zilipoanza kuwaandikia watu wengi programu kwa ombi la sentensi moja: mizani yao hutimia haraka, na hakuna mtunzi wa kuulizwa alikusudia nini isipokuwa yule aliyeomba.

Kijana wa Suma ana mzigo mwingine. Nyumbani amesema Kinyakyusa, skuli ya msingi amesoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na programu aliyopewa ina majina kama x na temp ambayo hayamwambii kitu. Ni rahisi akariri. Lakini majina hayo si sheria ya mashine. Mwalimu anaweza kumpa mistari minne kabla hajagusa kompyuta, amtake aisome kwa sauti, aieleze kwa lugha aliyoizoea, kisha abadilishe x iwe uzani_wa_majani. Akifika kwenye ule mgawanyo, atalazimika kusema kwa kinywa chake mwenyewe salio la majani limekwenda wapi.