Hukumu Kabla ya Kipimo

Katika maswali ambayo dini na falsafa zimeyashughulikia tangu kale, mojawapo ni hili: je, mtu ana ruhusa ya kumhukumu mwenziwe kwa dhana, maadamu dhana yenyewe ina nguvu na dalili zake zi dhahiri? Vitabu vitakatifu vimelijibu bila kificho. Sura ya Al-Hujurat inawaonya waumini wajiepushe na dhana nyingi, na inawaagiza wazihakiki habari kabla ya kuzitenda. Na Kitabu cha Ayubu kinaeleza namna Elifazi, Bildadi na Sofari, watu wazima wenye heshima zao, walivyoyatazama majipu ya rafiki yao wakakata shauri kuwa ametenda dhambi, na mwishowe ghadhabu ya Mungu ikawaangukia wao. Jibu, basi, twalijua, walakini hatulitendi; na naona sababu kubwa ni kwamba tumekatazwa kudhani bila kufundishwa namna ya kutafuta kosa. Mafunzo hayo nayaona katika kazi moja ambayo wengi huidharau, nayo ni kazi ya fundi atafutaye kasoro katika nyaya za spika za gari.

Matatu ikifika soko la Tulia, katika Kitui, spika ya mlango wa kushoto imenyamaza na gitaa la benga lasikika upande mmoja tu, aghalabu dereva huwa amekwisha kutoa hukumu: spika imeungua, sharti inunuliwe nyingine. Kwake yeye, kilichonyamaza ndicho chenye kosa. Fundi mwenye busara habishani naye, bali humwambia, “Hebu tupime kwanza, ndugu yangu,” kisha huichomoa redio mahali pake na kuzibadilisha nyaya nyuma yake, za kushoto akazitia kulia na za kulia kushoto. Kimya kikihamia kulia, redio ndiyo mgonjwa, na spika ilisingiziwa. Kikibaki kushoto, redio imetakasika, na tuhuma zimebaki juu ya waya na spika. Hapo huziachanisha kabisa nyaya mbili za spika ile na redio, akazigusisha kwa betri ndogo ya volti 1.5, ya namna itiwayo katika saa za ukutani. Spika na waya zikiwa salama, koni huruka kidogo na mlio mkavu husikika mlangoni; pasiposikika kitu, fundi huifungua spika na kuigusa kwa betri ile ile kwenye ncha zake yenyewe. Ikiruka, haina hatia. Na akitaka ithibati zaidi huweka mita: spika ya ohm 4 iliyo nzima huonyesha pungufu kidogo ya 4, na iliyokatika koili haionyeshi njia yoyote.

Waya ndio uliosalia, na mara nyingi huonekana umekatika ndani ya mpira uunganishao mlango na bodi, mahali ambapo shaba imekuwa ikikunjwa na kukunjuliwa kila mlango ulipofunguliwa na kufungwa, mwaka baada ya mwaka. Ngozi ya waya huwa nzima kwa nje, na shaba ya ndani imekwisha kuachana. Yatazame vizuri matendo hayo ya fundi, msomaji, uone kuwa kila kipimo kilikuwa na faida mbili: kilipunguza mahali pa kutafuta, na kilimwondolea tuhuma asiye na kosa. Faida hii ya pili ndiyo insafu yenyewe, kwa sababu anayetafuta haki hana budi kuwa na bidii ya kumtakasa mwema kama aliyo nayo ya kumkamata mwovu.

Kuna kasoro nyingine iliyo ngumu zaidi, na mafundisho yake ni makubwa zaidi. Redio ni nzima, nyaya ni nzima, spika zote zalia, na hata hivyo besi imepotea na muziki umekuwa mwepesi usio na kifua. Ipime kila spika peke yake, utaikuta haina ila. Inunue nyingine uiunge vile vile ilivyoungwa ile ya kwanza, fedha yako itapotea na besi haitarudi. Sababu ni kuwa katika spika moja ncha ya chanya na ncha ya hasi zimepishanishwa, hata koni ya huku inapotoka nje, ya kule yaingia ndani, na hewa inayosukumwa na hii yavutwa na ile. Betri ndogo huifichua siri hiyo, kwani chanya ikigusa chanya, koni hutoka nje. Ikiingia ndani, imeungwa kinyume. Dawa yake ni kugeuza nyaya mbili za spika moja, na hakuna kitu cha kutupwa. Ni nyumba ngapi zimevunjika, na makanisa na misikiti mingapi imegawanyika, kwa kuwa waliokwenda kusuluhisha waliuliza ni nani mbaya, ilhali wote wawili walikuwa wema na kosa lilikuwa katika namna walivyounganishwa! Swali hilo, ila inapokuwa katika kiungo, halina jibu la kweli, na kila atakayetajwa kuwa ndiye mbaya amedhulumiwa.

Madhara ya kuhukumu kwa dhana yameandikwa kwa damu katika nchi yetu ya Ukambani. Mwaka 1932 Mahakama Kuu ya Kenya iliwahukumu kifo wanaume 60, Wakamba wa upande wa Machakos, kwa kumpiga mwanamke mmoja hata akafa, wakimtuhumu kuwa ni mchawi aliyemroga mke wa mmoja wao. Serikali ya kikoloni haikuwanyonga, adhabu yao ikabadilishwa. Lakini yule mwanamke hakuwa na wa kumrudishia roho yake. Ugonjwa ulionekana katika nyumba moja na kosa likatafutwa katika nyingine pasipo njia yoyote iliyopimwa baina ya hizo mbili. Waliokubaliana walikuwa wengi, na wingi wao haukuigeuza dhana kuwa yakini.

Wala mtu asidhani kuwa maradhi haya ni ya wasiosoma. Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Ludwig Krapf, akiwa Kitui, aliuona Mlima Kenya na theluji yake; na William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyekuwa London na asiyepata kuitembelea Afrika, aliikataa habari ya theluji karibu na ikweta, kama alivyokwisha kuikataa ile ya mmisionari mwenzake Krapf, Johannes Rebmann, aliyeiona Kilimanjaro mwaka 1848. Iliwapasa watu kungoja hata safari ya mpelelezi Joseph Thomson ya mwaka 1883 ili habari ya Krapf ithibitike. Elimu ya vitabu ilimpa Cooley hoja nyingi, na hoja zote zile hazikuwa kipimo.

Yupo atakayesema kuwa binadamu si waya, hachomolewi akajaribiwa kwa betri, na kwamba mara nyingine hatari i karibu na uamuzi hauwezi kungoja. Ni kweli, na fundi anajua hivyo. Akishuku kuwa waya uliochubuka unagusa bodi, huutenga upesi na kuufunga tepu hata kabla ya kumaliza kupima, maana waya wa spika ukipiga shoti kwenye bodi waweza kuiua redio. Lakini kuutenga si kuuhukumu: ameulinda mfumo mzima, na kesi ya waya bado iko wazi. Hivyo mzazi aweza kumtenga mtoto na jambo la hatari bila kumwita mwizi, na wazee waweza kuwazuia wagomvi wasikutane bila kutangaza ni yupi aliyekosa. Hadhari ni wajibu wa kila siku. Hukumu yahitaji ithibati.

Basi, ndugu msomaji, utakapoletewa tuhuma juu ya jirani, mke, mume, mfanyakazi au mtoto, usiulize kwanza ni nani anayeshukiwa, wala ni wangapi wanaomshuku. Uliza ni kipimo gani kilichofanywa, na ni nani aliyetakasika kwa kipimo hicho. Ukiambiwa hakuna, irudishe tuhuma kwa aliyeileta, mwombe akaanze kazi. Dhana ina haki ya kuanzisha uchunguzi; haina haki ya kuumaliza.