Wazo la Leo: Kabla ya Usaili

Umeitwa Uvira kwenye usaili wa kazi ya ustawi wa jamii? Kabla ya kupiga pasi shati, jiulize: mama aliyebakwa akibisha hodi, utafanya nini? Msikilize faraghani, usimlazimishe kusimulia, mtunzie siri, na kwa ridhaa yake mfikishe hospitalini kabla ya saa 72 kupita tangu abakwe, maana dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi huanzwa ndani ya muda huo. Kisha pita mtaa wa Mulongwe, ukaongee na waliobomolewa nyumba mto ulipofurika Aprili 2020. Waulize walisaidiwa vipi, na nani alisahauliwa. Diploma yako wasaili tayari wameiona. Sasa wanataka kujua kama unawajua watu utakaowahudumia. Nenda kawasikilize leo.