Mbwa, Ubao na Hukumu ya Najisi

Je, inajuzu kumfundisha mbwa kupanda mawimbi? Niliulizwa hivyo hapa Chukwani baada ya darasa la fiqhi, na mwanafunzi aliyekuwa anajikaza asicheke. Wenzake walicheka kwa niaba yake. Mimi nililichukua swali, kwani maswali mengi mazuri ya fiqhi huanzia kwenye mzaha.

Lilisababishwa na kijana wa mtaani kwetu aliyefanya kazi Paje, akarudi na ubao mkuukuu wa kutelezea baharini, akaanza kumfundisha mbwa mmoja wa pwani kuupanda. Chukwani si Paje. Upande wetu wa magharibi bahari ni tulivu na mawimbi ya maana hatuna. Lakini kwa mbwa, hata kiwimbi cha kufika gotini ni kikubwa.

Nianze na lililo wazi. Sisi wa Unguja wengi wetu ni Mashafii, na kwetu mbwa ni najisi: akikugusa na majimaji, unaosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mahanafi wanatazama zaidi mate yake. Mamaliki wanamhesabu mbwa aliye hai kuwa tahiri, na kuosha chombo alichoramba ni kutii amri tu. Wote hao wamesoma Hadithi zilezile, na hakuna aliyesema kwamba mbwa amelaaniwa. Najisi ni hukumu ya nguo yangu na sala yangu. Mbwa hana sala wala kanzu.

Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke kahaba wa Bani Israil aliyemchotea maji kwa kiatu chake mbwa aliyekuwa anakufa kwa kiu, akasamehewa. Watoto wetu wanaisoma asubuhi madrasa, na jioni wanamrushia mawe mbwa wa pwani. Kasoro hiyo ni yetu sisi wasomeshaji kabla ya kuwa yao.

Linabaki suala la kufuga. Hadithi imesema kwamba afugaye mbwa asiye wa kuwinda, wa mifugo wala wa shamba hupungukiwa thawabu zake kila siku. Kupanda mawimbi hakumo. Nilipomwambia kijana, alinijibu, "Maalim, samahani, huyu simfugi. Ni wa pwani, mimi namkuta tu." Jibu la ujanja, lakini la kweli. Mbwa yule hulala chini ya ngalawa na hana nyumba anayoingia.

Uwindaji tunaujua. Mashamba, wasasi hutoka na mbwa wao kusaka nguruwe wanaofukua mihogo. Nyama hawaili, wanakinga mazao. Marehemu mjomba wangu alikuwa msasi, na mbwa wake aliyemwamini kuliko wote hakuwahi kumpiga. Mbwa anayekuogopa, alikuwa akisema, humtegemei porini: nguruwe akigeuka, atakukimbia akuache naye.

Aya ya 4 ya Sura ya Al-Maida inahalalisha wanachokamata wanyama wa kuwinda waliofundishwa, na inatukumbusha kwamba tunachowafundisha tumefundishwa na Mungu. Windo aliloliua mbwa aliyefunzwa ni halali. Aliloliua asiyefunzwa ni mzoga. Meno ni yaleyale. Kilichobadilisha hukumu ni elimu. Ibn al-Qayyim aliitolea hoja aya hiyo kuonyesha utukufu wa elimu, kwamba hata mbwa hupanda daraja kwa kujua. Na wanavyuoni wetu wakaweka alama za mbwa aliyefunzwa: akitumwa aende, akikatazwa aache, akikamata asile. Zote tatu ni alama za utii.

Nilipokwenda pwani kujionea, niliona alama ya nne. Maji yalikuwa yanajaa. Kijana aliuweka ubao mchangani, juu yake amegandisha kipande cha mkeka wa plastiki ili kucha zisiteleze. Hakumwita mbwa. Alichuchumaa, akaweka dagaa mmoja juu ya ubao, akageuka kutazama bahari kama asiye na haja. Mbwa akazunguka, akanusa, akapanda. Akala, akashuka, akapanda tena bila dagaa. Ndipo ubao ukasogezwa majini. Shingoni mwa mbwa hamkuwa na kamba. Kiwimbi kilipofika, kijana aliuachia. Mbwa akapanua miguu, akalaza masikio, akaja mpaka mchangani. Safari iliyofuata aliruka katikati ya maji. Nilitarajia akemewe. Kijana alisema tu, "Haya, basi," akakaa. Haukupita muda mbwa akarudi mwenyewe, akasimama kando ya ubao, akajikung'uta, na kanzu yangu ikalowa.

Alama ya nne ni hiyo: anaachiwa nafasi ya kukataa, na bado anarudi.

Huko California alikuwepo mbwa mmoja, Ricochet, aliyezaliwa 2008. Alikuwa akifunzwa kuhudumia watu wenye ulemavu, akaachishwa kwa sababu hakuacha kukimbiza ndege. Mwaka 2009 alijirusha mwenyewe kwenye ubao wa kijana aliyepooza wakapanda wimbi pamoja, na tangu hapo akawa anawapandisha wengine. Utii ulimshinda, lakini kazi aliyoichagua aliifanya kwa miaka.

Fimbo inaweza kukupatia utii, lakini ridhaa haikupatii. Mwenyezi Mungu angetaka, angetulazimisha sote tuamini. Hakutaka imani ya namna hiyo. Ikiwa mwenye uwezo wote ameacha mlango wa kukataa wazi, sisi wenye uwezo mdogo juu ya mbwa na juu ya watoto tumepata wapi haki ya kuufunga?

Jawabu langu, basi. Kumweka mbwa nyumbani kwa ajili ya mchezo, hapana. Kumlisha na kumfundisha mbwa wa pwani kwa upole, madhali hatiwi majini kwa nguvu wala hachoshwi, sioni ubaya. Kanzu niliifua mara saba, moja kwa udongo, na sala yangu ni salama. Nanyi walimu wenzangu wa madrasa, bakora iliyo juu ya rafu iteremsheni muitupe. Mtoto akirudi kesho kwa hiari yake, mtajua amefundishika.