Italia ni Nani?

Mwezi uliopita, darasani hapa Kakuma, niliandika ubaoni: "Mwaka 1915 Italia iliamua kuingia vitani." Mwanafunzi mmoja akanyosha mkono. "Mwalimu, Italia ni nani?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana jibu sikuwa nalo.

Tangu siku hiyo nalitafuta. Italia ilikuwa na mkataba na Ujerumani na Austria-Hungaria tangu 1882. Vita vilipoanza 1914 ikasema yenyewe haimo. Miezi ikapita, inasikiliza bei za pande zote mbili kama mtu aliye sokoni. Waziri Mkuu Salandra wala hakuficha: alisema nchi iongozwe na "ubinafsi mtakatifu". Tarehe 26 Aprili 1915, huko London, ukatiwa saini mkataba wa siri na Uingereza, Ufaransa na Urusi. Italia ingepewa Trento, Trieste na sehemu ya pwani ya Dalmatia, nayo iingie vitani ndani ya mwezi mmoja. Waliojua ni mfalme, Salandra, waziri wa mambo ya nje Sonnino, na wachache sana wengine. Bunge halikujua.

Basi mtu atasema taifa halikuchagua, walichagua watu watatu. Ningependa iwe hivyo; inatuosha wote. Lakini mwezi wa Mei wabunge kama 300 walipeleka kadi zao kwa Giolitti, mzee aliyepinga vita, kuonyesha kwamba wako naye. Mia tatu, jamani! Mara umati ukajaa barabara za Roma, mshairi D'Annunzio akiuchochea, wapinzani wakiitwa wasaliti. Tarehe 20 Mei bunge likapiga kura kuipa serikali mamlaka ya vita: 407 wakakubali, 74 wakakataa. Pigeni hesabu wenyewe. Wale 300 walikwenda wapi?

Mimi nadhani napajua. Nilipokuwa kijana kule Uvira, watu wenye bunduki walitukusanya uwanjani kutuambia vita ni vyetu. Sikuwaamini hata kidogo. Ila jirani alipopiga makofi, na mimi nikapiga. Hakuna aliyenishika mikono. Wiki ileile vijana wawili wa mtaa wetu walipanda lori lao. Mmoja, kabla ya kupanda, aligeuka akaniangalia. Sijui alikuwa anatafuta nini usoni kwangu. Hakurudi.

Huko Italia walikufa askari zaidi ya nusu milioni, wengi wao wakulima. Safu ya mbele ilipovunjika Caporetto mwaka 1917, malaki ya raia walikimbia makwao. Wakimbizi, kama sisi. Ndugu zetu wa mashirika, mnapotuuliza kwenye mahojiano kwa nini nchi yetu inapigana, hebu fikirieni mama mmoja wa Udine angejibu nini.

Na ile bei? Kwenye pwani ya Dalmatia waliambulia mji mmoja na visiwa vichache. Ila mkataba ulikuwa pia na kifungu cha Afrika: Uingereza na Ufaransa zikichukua makoloni ya Ujerumani, Italia nayo iongezewe ardhi mipakani mwa makoloni yake. Ndiyo maana mwaka 1925 Jubaland, pamoja na Kismayu, ilikatwa kutoka Kenya ikapewa Italia.

Jirani yangu hapa blok yetu ametoka Kismayu. Nilipomweleza habari hii alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwalimu, siku ile London, kuna mtu wa kwetu aliyeitwa?" Nikamwambia hakuna. Akacheka, akanimiminia chai nyingine.

Kesho nina kipindi na darasa lile. Sentensi ile nitaiandika upya, na majina yote ndani yake, na ile 407 pia. Habari ya Uvira bado sijaamua kama nitawaambia.