Amana ya Kipimo: Kutoka Bandarini Hadi Nyarugusu

 

Ndugu zangu Waislamu, wataalamu wa ununuzi na ugavi husema bidhaa husafiri kwa mnyororo: mnunuzi, ghala, msafirishaji, ghala tena, kisha mlaji. Mimi nafundisha Maarifa ya Uislamu, na naona mnyororo huo ni amana inayopita mkono kwa mkono.

Tutazame kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa waliokimbia vita Kongo. Mwaka 2015 wakaongezeka maelfu kutoka Burundi. Chakula cha Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) hakioti pale kambini. Kipo kinachoshushwa bandari ya Dar es Salaam, kipo kinachonunuliwa humu humu nchini. Kutoka bandarini hadi mkoa wa Kigoma ni zaidi ya kilometa 1,000. Karani anahesabu, kuli anabeba, dereva anaendesha, mtunza ghala anatia saini. Kila mmoja anaweza kupunguza.

Utasikia mtu akisema, "Nusu kilo ni kitu gani?" Hebu tupige hesabu. Lori la tani 30 hubeba viroba 600 vya kilo 50. Nusu kilo kila kiroba ni kilo 300! Na anayepunjwa ni mama aliyepanga foleni na kadi yake mkononi.

Mwaka 2023 WFP ilishusha mgao wa wakimbizi nchini hadi asilimia 50, kwa kukosa fedha za wahisani. Huo ni uhaba. Lakini bambo linalochomwa kwenye gunia usiku ni wizi juu ya njaa. Tusifiche la pili nyuma ya la kwanza.

Nabii Yusuf (AS) alipoomba kusimamia hazina za Misri alitaja sifa mbili: kuhifadhi na kujua. Vyuo vyetu vinafundisha kujua. Kuhifadhi hakuna cheti. Kunatoka kwenye ucha Mungu. Nayo Surat al-Mutaffifin inafunguka kwa kuwaonya wapunjaji wa vipimo.

Basi ewe Muislamu uliyeshika kalamu bandarini, usukani barabarani au ufunguo wa ghala, kazi yako ni ibada. Hati ya kupokelea mzigo yaweza kughushiwa. Daftari la Malaika halighushiki.