Je, Sheria ya Pori Inafunga Zamiri?



Siku moja, baada ya mafundisho, mama mmoja alituuliza: «Mwalimu, makala ninayonunua sokoni yanatoka katika pori la Virunga. Serikali imekataza kukata miti kule. Nikipikia watoto wangu makala yale, nimekosa mbele ya Mungu, ao mbele ya Leta tu?» Watu walicheka. Sisi hatukucheka, kwani swali lile ni zito.

Kwanza tuangalie sheria yenyewe. Pori la Virunga lilitengwa tarehe 21 Aprili 1925, wakati wa Wabeleji. Leo linalindwa na sheria za inchi yetu. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 53, inasema kwamba kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira yenye afya, na tena ana wajibu wa kuyatetea. Sheria ya mwaka 2011 inaamuru madhara ya kazi kubwa yapimwe kabla ya kuianza. Ile ya mwaka 2014 inalinda mapori, nyama na mimea, na inataka wenyeji waulizwe kabla ya kutenga pori jipya.

Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha kwamba sheria ya kweli sherti ifuate akili, itafute mema ya watu wote, itolewe na yule anayewatunza, tena itangazwe. Basi, tuipime sheria ya pori kwa kipimo hiki.

Je, inafuata akili na kutafuta mema ya wote? Tazameni Ziwa Edward. Katika miaka ya 1970 viboko wa Virunga walipita 20,000. Watu wenye bunduki waliwaua kwa ajili ya nyama na meno, na kufika mwaka 2005 hawakutimia 1,000. Mavi ya kiboko ni chakula cha maji: yanalisha vidudu, na vidudu vinalisha samaki. Viboko walipokwisha, wavuvi pia waliona nyavu zao nyepesi. Basi aliyeua kiboko aliiba samaki katika sahani ya jirani yake. Ni vile vile kwa mwitu: anayeukata anaharibu udongo na mvua za watoto ambao hawajazaliwa.

Je, imetangazwa? Hapa tunaona haya. Sheria imeandikwa kwa Kifaransa, na wengi vijijini wanaijua siku ile tu wanapokamatwa. Tena wanakumbuka kwamba wazee wao waliondolewa mashambani kwa ajili ya pori hili. Na wakubwa je? Mwaka 2022 Serikali ilitangaza mnada wa fasi za kutafuta petroli, na nyingine ziliingia ndani ya Virunga. Mwaka 2024 mnada ule ulifutwa. Mtu maskini akiona mlango unafungwa kwake na kufunguliwa kwa tajiri, ataiheshimu namna gani sheria?

Lakini kosa la mkubwa halifanyi kosa la mdogo kuwa haki. Walinzi zaidi ya 200 wamekufa kwa ajili ya pori hili. Tarehe 24 Aprili 2020 peke yake, 12 waliuawa karibu na Rumangabo. Nao walikuwa baba za watoto, wana wa vijiji vyetu.

Kwa hiyo tunajibu: ndiyo, sheria hii inafunga zamiri, kwani inalinda mali ya wote. Lakini mzigo haulingani. Mzito kabisa ni wa yule anayetajirika kwa makala ya wizi, na wa mkubwa anayepokea rushwa ili magunia yapite. Mama asiye na moto mwingine anabeba mdogo, lakini hakosi wa kubeba.

Tulimwambia: «Mama, watoto wasilale njaa. Lakini tafuta mbabula inayokula makala kidogo, ununue makala ya miti iliyopandwa pale unapoipata, na mwenye shamba apande mikaratusi pembeni.» Wakulima wengi wa Kivu wamekwisha kupanda hivyo.

Tukarudi nyumbani. Jikoni mwetu chakula kilikuwa motoni. Tukauliza makala yametoka wapi, na hakuna aliyejua. Basi, wapenzi, swali la mama yule ni letu sisi pia. Tuanze kuuliza.