Kijana na Nyimbo Zake

Katika zama zetu hizi ni nadra kuingia nyumba yenye kijana wa miaka 14 au 15 usimkute amejitenga pembeni, simu mkononi, nyimbo masikioni. Ukimwita mara ya kwanza hasikii. Mara ya pili huitika kwa uso wa kukunja. Mama huona huo ni utovu wa adabu, baba huona ni uvivu, na babu huona ni miongoni mwa alama za Kiyama. Huenda kila mmoja wao ana haki kwa kiasi chake. Lakini lipo swali ambalo hakuna aliyeliuliza katika watatu hao: kijana huyu anatafuta nini katika nyimbo hizo ambacho hakukipata kwa watu wake?

Kabla ya kumhukumu, tuitazame hali aliyo nayo. Balehe si ndevu na kuvunjika kwa sauti tu. Katika sheria ya dini yetu, mtoto ambaye jana kalamu ilikuwa haimwandikii, leo ni mwenye kuulizwa: sala ni juu yake, saumu ni juu yake, na kila alitendalo ni lake. Huo peke yake ni mzigo, nasi tunamwongezea mingine. Mtihani wa kidato cha nne unamngojea, na ameambiwa mara mia kwamba nyumba nzima inamtegemea yeye. Msichana aliyekuwa akicheza uwanjani na kaka zake anaambiwa ghafla kwamba si vizuri, wala haelezwi kwa nini. Mvulana anaambiwa mwanamume halii, hata siku anapozikwa bibi yake aliyemlea. Hisia zake zimekwisha kuwa za mtu mzima, na maneno ya kuzieleza bado ni ya mtoto. Ndipo wimbo unapoingia.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelichungua jambo hili. Katika uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2000, waliulizwa wanafunzi 2,465 wa miaka 13 na 14, ikaonekana kwamba kwa wastani kila mmoja husikiliza muziki zaidi ya saa 2 kwa siku. Na katika sababu zao ilikuwamo kutaka kuonekana hivi au vile mbele ya wenzao, na ilikuwamo pia kukidhi haja za moyo. Miaka saba baadaye, huko Ufini, Suvi Saarikallio na Jaakko Erkkilä walikaa na vijana wanane tu, wakawahoji kwa kituo. Wanane ni wachache, ni kweli, lakini waliyoyasema yanafaa kuzingatiwa. Vijana hao hutumia muziki kujiburudisha, kurudisha nguvu baada ya uchovu, kutafuta msisimko, kujisahaulisha, kutoa hasira, kuyafikiri mambo yao na kupata faraja. Ni faraja hiyo hasa ninayotaka tuitazame. Kijana mwenye huzuni anaposikia mtu mwingine akiimba huzuni kama yake, hujua kwamba si yeye peke yake duniani aliyefikwa na jambo hilo. Na wapo watu wazima wangapi wasioweza kumpa kijana hata hilo moja?

Hata mwili una fungu lake. Watafiti wa Montreal, Kanada, walionyesha mwaka 2011 kwamba msikilizaji anapofikwa na ile sehemu ya muziki inayomsisimua ngozi, ubongo wake hutoa dopamini, ambayo hutolewa pia mtu anapokula chakula akipendacho. Basi anayesema kwamba kijana "anajifanya" tu kutulizwa na nyimbo, amekosea.

Wala jambo hili si geni kwa Waislamu. Katika mji wa Edirne, Uturuki, ipo hospitali iliyojengwa na Sultani Bayezid wa Pili, ikakamilika mwaka 1488. Msafiri Evliya Çelebi, aliyefika huko katika karne ya 17, ameandika kwamba waimbaji na wapigaji ala 10 walikuwa wakija mara tatu kwa wiki kuwapigia wagonjwa, wakiwamo wenye maradhi ya akili. Hiyo ilikuwa hospitali ya wakfu, imejengwa pamoja na msikiti na madrasa.

Na kwetu pwani, nani asiyejua kwamba mlango wa utu uzima ulikuwa ukipitwa kwa ngoma na nyimbo? Msichana aliyevunja ungo alitiwa mikononi mwa kungwi wake, na katika unyago aliimbiwa yale ambayo mama yake alikuwa akiona haya kuyatamka. Kwa mafumbo ya nyimbo hizo alielezwa mwili wake, damu yake, na namna ya kuishi na watu. Yapo katika mila hizo mambo ambayo masheikh wameyakataza, wala siwatetei waliovuka mipaka. Ninachosema ni hiki: wimbo wa balehe haukuwa peke yake. Ulikuja na mtu mzima aliyekaa karibu, na msichana akiwa na swali aliweza kuuliza. Leo wimbo umebaki, na kungwi ameondoka.

Sasa tuje kwenye hukumu, maana msomaji wetu lazima ataiuliza. Maulamaa wamekhitilafiana tangu kale. Wapo walioharimisha ala zote isipokuwa dufu, na wapo waliotazama maneno ya wimbo, mahali unapoimbwa, na athari yake kwa msikilizaji. Si kazi ya ukurasa huu kukata shauri hilo. Lakini kila upande unaikubali hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya siku ya Idi, ambapo wasichana wawili walikuwa wakiimba nyumbani kwa Bibi Aisha nyimbo za vita vya Buath. Sayyidna Abubakar alipoingia aliwakemea, na Mtume (s.a.w.) akamwambia awaache, kwani kila watu wana Idi yao. Naye Bibi Aisha, aliposimulia jinsi Mtume alivyosimama kumsitiri ili awatazame Wahabeshi wakicheza na silaha zao, mpaka akachoka yeye mwenyewe, aliwataka waliomsikiliza wazingatie hali ya msichana mdogo mwenye kupenda mchezo. Ajabu ni kwamba hadithi hii husomwa sana katika mijadala ya halali na haramu, na ni wachache wanaosimama hapo penye umri.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihya kwamba sauti haiingizi moyoni kitu kisichokuwamo, bali hukitikisa kilichomo. Mzazi akilifahamu neno hili ataona kwamba nyimbo za mwanawe ni habari. Binti anayerudia wimbo mmoja wa kuachwa usiku kucha, ana jambo. Kumnyang'anya simu ni kuvunja kioo, na uso uliokuwa ukionekana humo haukubadilika.

Hata hivyo faraja ina mpaka wake. Wimbo hujua kuliwaza, haujui kujibu. Yuko kijana anayesikiliza nyimbo za majonzi akatoka amepumua. Na yuko mwingine, hasa yule ambaye huzuni yake imekwisha kuwa maradhi, ambaye hulichokonoa donda lile lile kila siku, na wimbo ukawa ndio ukucha. Huyo anahitaji mtu, na huenda akahitaji daktari. Pia ziko nyimbo ambazo humfundisha mvulana kuwadharau wanawake, na hizo hazimwondolei shida yoyote. Sitaji masikio yenyewe, ingawa Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba zaidi ya watu bilioni 1 wa umri wa miaka 12 hadi 35 wamo hatarini kuharibu usikivu wao kwa sauti kubwa.

Kwa nyumba inayofuata rai kali na isiyotaka ala, swali linakuwa zito zaidi, si jepesi zaidi. Haja ya kijana haiondoki kwa fatwa. Alhamdulillahi, zipo kasida, lipo dufu, na wako walimu wa madrasa wanaojua kwamba mvulana mkimya kuliko wote darasani huenda akafunguka siku atakapopewa kuongoza kiitikio. Lakini mahali pengine msichana huimba kasida kwa sauti nzuri akiwa na miaka tisa, watu wakamsifu, na akifika 13 huambiwa basi, sasa umekua, kaa nyuma. Mwalimu anayemwambia hivyo ana dalili zake. Ila amwambie pia, baada ya leo, sauti ile aipeleke wapi.